Kombania ya Nne Imevunjwa

Kambini, 4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakupa ya kukuchekesha: mdogo wako amekuwa mwandishi wa historia. Usidondoke kwenye cherehani.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa nne Brigedi inasherehekea kuzaliwa kwake, na Brigedia anataka kitabu. Wakatafutwa maofisa wenye digrii, kila mmoja akakumbuka ana homa. Siku moja Brigedia akapita chini ya ngazi yangu nikipaka herufi za lango. Akasimama, akaniangalia kama anayeangalia embe la juu kabisa.

"Brashi, si wewe unayesoma magazeti ya kufungia misumari?"

"Ndiyo, Afande. Na ya kufungia sabuni."

"Basi utaandika."

Jeshini, dada, hivyo ndivyo vipaji hugunduliwa.

Nimeanza kwa kuwauliza wazee waliobaki, na nimegundua kwamba Brigedi hii tukufu ya vikosi maalumu ilizaliwa kwenye karakana ya useremala. Baada ya ule uasi wa zamani, serikali haikumwamini tena askari yeyote mwenye sare iliyonyooka. Ikakusanya watu wa ajabu ajabu: mpiga mbizi aliyekuwa akiokota vyuma chakavu, mwalimu wa michezo, na mwizi mmoja aliyesamehewa kwa sababu alijua kupanda kuta. Mwalimu wa michezo ndiye aliyekuwa mkuu wao wa kwanza. Kauli mbiu yetu, "Hatuonekani, Tunafika", ilitoka kinywani mwake siku walipomuuliza mbona karakana yao haimo kwenye ramani ya kambi.

Siku hizi tuna muundo, na muundo huo nimeuchora mimi ukutani, pale mlango mkuu wa makao makuu. Juu kisanduku cha Brigedia. Chini yake ofisi: ya mipango, ya upelelezi, ya ugavi. Chini kabisa kombania nne. Brigedi za wenzetu zina vikosi vinavyojaza uwanja; sisi tuko kiganja kimoja, tunaitwa brigedi kwa heshima. Kombania ya Kwanza ni ya majini, ya Pili ya milimani, ya Tatu ya mijini. Ya Nne ni ya angani, wale wanaoruka kwa miamvuli. Mimi nilipita huko kwa mruko mmoja tu, wa kwanza na wa mwisho, mguu wangu wa kulia ukarudi umepungua, ndipo nikapewa brashi.

Mwanao yuko Kombania ya Nne, na mguu wake ni mzima. Jumatatu nimemwona. Shingo imekuwa ya fahali, kiuno kimebaki cha nyigu. Na lile jina la nyumbani limemfikia huku; hata Kapteni wao anamwita Tiara. Aliponiuliza limetoka wapi, nikamweleza jinsi ulivyomkuta juu ya paa la choo amefunga shuka lako mabegani, anataka kupaa kama tiara ya karatasi, kishada cha watoto. Kapteni akacheka. "Kumbe sisi tumempa shuka kubwa zaidi tu."

Mwanao ameniagiza hivi: "Mjomba, mwambie mama anishonee suruali ya kiraia, ya kijivu. Hizi za jeshi zina mifuko mingi kuliko mali yangu."

Ukiona mahali pameingia wino mweusi katika barua zangu, usishtuke. Zote zinazotoka zinapita kwa koplo mmoja tunayemwita Wino. Zinazoingia anazigonga muhuri tu, macho yamemchoka. Wino, najua unasoma. Ule mkebe wa rangi nitaurudisha.

Mdogo wako,
Sajini Brashi


Nyumbani, 15 Februari

Mdogo wangu,

Barua imefika na nimeisoma kwa sauti pale karakana yetu ya ushonaji. Mwenzangu wa cherehani ya pili amekataa katakata kuwa wewe unaandika historia. Anasema kibao chako cha kwanza, kile cha duka la nyama, uliandika "Nyama Mpaya". Nikamwambia ndiyo maana wamekupa historia. Nyama mtu anaionja.

Kijivu nimekipata, kitambaa kizito kisichokunjika, maana mwanangu akikaa hukaa kama gunia. Nimekilaza mezani na chaki iko mkononi. Ila nitakata kwa vipimo gani? Vya zamani ni vya mtoto, na wewe unaniambia habari za fahali na nyigu. Hao siwashonei. Nitafutie futikamba, mpime: kiuno, nyonga, paja, urefu. Miguu pima yote miwili, usipime mmoja ukadhani wa pili unaufuata. Binadamu wachache wana miguu sawa.

Jambo la pili nalisema taratibu. Mwanangu huniandikia kila mwezi ukianza. Mistari minne ya kivivu, lakini huandika. Mwezi huu hajaandika. Sina wasiwasi. Nimekwambia tu kwa kuwa wewe ni mwanahistoria.

Chumba chake nimekipaka chokaa. Mpwa wako mdogo wa kike ameshaanza kukinyemelea. Nimemwambia kina mwenyewe.

Dada yako,
Mama Tiara


Kambini, 2 Machi

Dada yangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Historia ni kazi ya kuchosha, hasa kwa kuwa kila siku inabadilika.

Brigedia amesoma sura ya kwanza. Mwizi ametolewa, sasa ni "mtaalamu wa majengo". Karakana ya useremala imekuwa "kituo cha awali cha mafunzo". Nilipoandika kwamba kwenye pigano moja la zamani darajani watu wetu walikimbia, amesahihisha kwa kalamu nyekundu: "walibadilisha mwelekeo kwa kasi". Nikamuuliza, "Afande, na wale waliobaki pale darajani?" Akasema, "Waliobaki hawakubadilisha mwelekeo." Dada, huyu mtu ndiye aliyefaa kuandika.

Mzee mmoja wa kile kizazi cha kwanza, yule mpiga mbizi, bado yu hai. Nilimfuata kwake. Anakaa kwenye chumba chenye kiti kimoja, akanipa hicho kiti na yeye akaegemea dirisha. Nikamsomea sura. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Brigedi nzuri sana hiyo. Iko nchi gani?"

Na muundo nao unabadilika. Nilikuwa na hamu ya kukuandikia mengine, ila hili ndilo lililopo: Kombania ya Nne imevunjwa.

Dada, lisome neno hilo polepole. Imevunjwa. Ninakuandikia kama lilivyo kwenye amri, sina ruhusa ya kuliongezea mkia. Mpishi wetu ameambiwa apunguze sufuria, naye amezipindua ukutani na hataki utani na mtu. Magodoro ya bweni lao yametolewa juani. Mvua imenyesha juzi na hakuna aliyekuja kuyaingiza ndani.

Umeelewa? Nakuomba uwe umeelewa.

Mdogo wako,
Brashi


Nyumbani, 11 Machi

Wewe bwana!

Habari kama hiyo unaiweka chini kabisa, baada ya daraja na mzee wa kiti kimoja! Nimeisoma mara mbili nikidhani macho yamenidanganya. Imevunjwa! Mungu ni mkubwa. Mwaka mzima namwomba amtoe mwanangu kwenye yale mamiamvuli, kumbe anaivunja kombania yote kwa ajili yangu.

Mwenzangu wa cherehani alipoona nimesimama ghafla akauliza kuna nini. Nikamwambia kombania ya mwanangu imevunjwa. Akashika kifua. "Imevunjwa vipi?" Nikamwambia, mama, wewe nawe! Kamati ya maji ya mtaa si ilivunjwa? Wajumbe si wanapita hapa kila siku? Bunge huvunjwa, na wabunge wakarudi makwao wamenona. Akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda, akarudi kwenye kola yake.

Kwa hiyo watamhamishia wapi? Mwombe Brigedia, wewe si mtu wake sasa, ampeleke ugavi. Huko ugavi mtu hufa kwa unene. Au watamwachia arudi nyumbani kabisa? Nimefua shuka. Ndiyo, shuka lile lile la paa la choo, limebaki nusu, na kovu la kidevu alilolipata alipodondoka pale nalijua mpaka leo kwa kidole.

Sufuria na magodoro umenichekesha. Wametoka bila kuaga, sivyo? Vijana hawa! Hayo magodoro, kama hakuna wa kuyaingiza, si uyaingize wewe?

Vipimo! Umeniandikia kila kitu isipokuwa vipimo. Usiniletee hadithi nyingine bila vipimo.

Mama Tiara mwenye furaha


Kambini, 24 Machi

Dada yangu,

Barua yako nilipewa nikiwa juu ya ngazi. Nilishuka kuisoma, kisha nikakaa kwenye ngazi kwa muda hadi Kapteni wa ofisi ya mipango akaniuliza kama nimeanza kuota mizizi.

Umefurahi. Nimeona.

Magodoro nimeyaingiza. Yalikuwa mazito kwa maji na hayakuwa na kazi tena, lakini nimeyaingiza, nikayapanga kama yalivyokuwa. Mlango nikaurudishia, kisha mtu wa zamu akaja na kufuli.

Kazi yangu ya wiki hii ilikuwa ukutani. Niliagizwa kufuta kisanduku cha nne kwenye muundo. Nikapaka rangi nyeupe, ikakauka, nikarudi asubuhi: kisanduku kile pale, kinachungulia chini ya rangi kama mtu aliyejifunika shuka jepesi. Nikapaka tena. Kosa ni langu mwenyewe. Wakati ule nilitumia rangi nzuri. Brigedia alipopita akasimama.

"Hapo pana nini?"

"Unyevu, Afande."

"Ushughulikiwe."

Ndiyo hivyo. Muundo wetu mpya ni kombania tatu na unyevu.

Vipimo umevidai, na dada akidai hana mchezo. Hivi hapa. Kiuno thelathini na sita. Nyonga arobaini. Paja ishirini na nne. Urefu mguu wa kushoto arobaini na moja, wa kulia arobaini na nusu. Mtunza bohari ndiye aliyepima, mimi nikiwepo.

Kata kitambaa chako, dada. Kata tu. Kazi za mikono zinasaidia.

Mdogo wako


Makao Makuu ya Brigedi
Ofisi ya Mahusiano
6 Aprili

Kwa Mama mkazi,

YAH: KUULIZIA ASKARI WA KOMBANIA YA NNE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ofisi hii imepokea maulizo uliyoyatoa kwa mdomo kwenye lango kuu. Unafahamishwa kwamba Brigedi inaundwa na Kombania ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu. Kombania ya Nne haimo, wala haijawahi kuwemo, katika muundo wa Brigedi. Hivyo hakuna askari wa kombania hiyo anayeweza kuulizwa, kutafutwa wala kutolewa taarifa.

Unakaribishwa kwenye sherehe za maadhimisho. Familia zitakaa upande wa kivuli.

Afisa Mahusiano


Nyumbani, 8 Aprili

Mdogo wangu,

Naanza na suruali, maana ndiyo iliyo mbele yangu.

Kiuno thelathini na sita niliposoma nilisema sawa, jeshi linalisha. Nyonga, sawa. Paja, sawa. Nikashika chaki, nikachora mguu wa kushoto. Nikaja wa kulia, arobaini na nusu. Chaki ikasimama yenyewe.

Mwanangu ana miguu ya kufanana kama meno ya kitana. Mwenye mguu wa kulia pungufu ni mtu mmoja katika ukoo huu, na tangu alipoanguka na mwamvuli wake nampindia pindo la kulia zaidi. Wewe, ndugu yangu, umesimama mbele ya mtunza bohari, ukainua mikono, ukapimwa. Umeweza kunidanganya mtoto mzima, ukashindwa kunidanganya nusu inchi.

Mwenzangu wa cherehani akaniuliza, "Unalia nini na kazi haijaharibika?" Nikamwambia, "Haijaharibika. Imemwenea mtu mwingine."

Ndipo nikalitoa lile neno lako nikalisoma polepole, kama ulivyoniagiza. Imevunjwa. Kiswahili chetu hiki, mdogo wangu, kina neno moja la bunge na la mfupa.

Sikukuandikia. Nilikuja mwenyewe. Kijana wa langoni alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililonitisha. Askari wa lango akiwa na adabu ujue kuna jambo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Namtaka mwanangu, Kombania ya Nne, wanamwita Tiara."

Akatazama buti zake. "Mama, hakuna kombania hiyo."

"Najua imevunjwa. Nawataka watu wake. Nyumba ikivunjwa si hubaki matofali?"

"Hakuna, mama. Haikuwepo."

"Basi niitie mdogo wangu, Sajini Brashi."

"Sajini yuko kwenye historia. Haruhusiwi kutoka."

Nikacheka. Nilicheka mpaka yule kijana akaniletea maji. Nikamwambia asijali, nimekumbuka jambo la nyumbani. Barua yao ya ofisini imekuja jana. Hivyo nimekuwa mama wa mtu wa kombania ambayo haijawahi kuwemo. Nilimzaa wapi sasa? Zile alama tumboni kwangu ni unyevu?

Suruali nimeimaliza. Kitambaa kizuri hakitupwi. Iko ndani ya kifurushi hiki, imeshonwa kwa vipimo vyako, itakukaa vizuri. Vaa siku ya sherehe. Utakaposimama kuwasomea kitabu chako, nataka suruali ya mwanangu iwe imesimama pale mbele yao. Mimi sitakuja kukaa kwenye kivuli chao.

Halafu sitaki tena barua zako nzuri. Usiniandikie habari za sufuria. Usinichekeshe. Niletee neno moja tu, usilizungushe, usilivalishe. Ama "anarudi", ama lile jingine. Chumba kimepakwa chokaa, mpwa wako analala sebuleni, na mimi kila mlango ukigongwa natupa kazi chini. Siwezi kuanza kumlilia mtu ambaye huenda yuko njiani. Na siwezi kumngoja mtu ambaye nilipaswa kumlilia tangu Februari. Nimebaki katikati, nimesimama kwa mguu mmoja. Uniambie niweke mguu wapi.

Kama unaogopa, uwe na hofu huku unaandika.

Mama Tiara


Kambini, 22 Aprili

Dada yangu,

Nimeivaa. Imenikaa kama ngozi. Mtunza bohari aliniuliza nani fundi wangu, nikaendelea kufunga mkanda, akadhani ninaringa.

Siku ile uliyokuja langoni nilikuwa kwenye ngazi, napaka rangi nguzo ya bendera. Nilikuona. Nilikuona ukicheka. Sikushuka. Hilo sina la kulipamba.

Sherehe ilikuwa nzuri, kama zilivyo sherehe. Bereti zote zimepigwa pasi. Kombania tatu zikapita mbele ya jukwaa, na baada ya Kombania ya Tatu likapita pengo. Wewe ungeliona. Vijana wamezoea kuacha nafasi ya kombania nne, miguu yao haijapata amri mpya, kwa hiyo nyuma ya hiyo ya Tatu gari la wagonjwa lilikuja kwa mbali sana, na kati yake na wao ukapita uwanja mtupu, kwa mwendo wa gwaride, mbele ya wageni wote. Brigedia alipiga saluti. Mkono ulikuwa umeshapanda, asingeweza kuukatiza.

Kisha nikaitwa. Nikasoma historia. Nikasoma kituo cha awali cha mafunzo, nikasoma mtaalamu wa majengo, nikasoma mwelekeo uliobadilishwa kwa kasi. Nilipofika "Brigedi inaundwa na kombania tatu", nikaweka kidole kwenye mstari huo. Nilitaka kusema jina la mtoto, dada. Lilifika hapa kwenye meno. Suruali ile ilikuwa imenishika kiunoni kama mikono. Nikatazama watu wa kivulini, akina mama wengine na barua zao kama yako zimekunjwa mikobani, nao wananitazama. Nikakohoa. Nikaendelea na kombania tatu. Wakapiga makofi.

Ukutani, jua lilipogeuka, kisanduku kilionekana vizuri kuliko siku zote. Wageni walipiga picha wamekiegemea.

Mpishi ndiye aliyeniambia, na aliambiwa na fundi wa ndege iliyowapeleka kuruka. Yeye hakuipamba habari. Alisema tu, huku akipindua sufuria moja baada ya nyingine, na mimi nikawa namshikia mifuniko. Sijui walikotupwa. Najua ndege ilirudi nyepesi kama ilivyopaswa, na najua kilichosikika redioni baadaye, na najua redio ilipozimwa nani aliizima.

Uliomba neno moja. Sitalivalisha. Mwanao, ▬▬▬▬▬, ▬▬▬▬▬▬▬.

Nimeliandika, dada. Wino akilipitisha, utakuwa nalo. Wino, nakuomba. Mkebe wako nitakuletea mwenyewe, na mwingine juu yake.

Mdogo wako


Nyumbani, 1 Mei

Mdogo wangu,

Barua imefika, na Wino amefanya kazi yake.

Simlaumu sana. Angeweza kuichana yote. Ameacha ndege, ameacha redio, ameacha mpaka jina lake mwenyewe na mkebe wake. Amefuta jina la mwanangu na neno moja baada yake, kwa mstari ulionyooka, kingo safi, kama fundi anayeweka kiraka asitake kionekane.

Nilikaa na ile karatasi kwenye meza ya kukatia. Nikaiinua dirishani, wino mzito, hakuna kitu. Nikaigeuza nyuma, nikapapasa kama kalamu yako imeacha mfuo, lakini wewe una mkono mwepesi tangu utotoni. Basi nikachukua futikamba.

Nilipima kile cheusi cha mwisho. Kisha nikatoa barua zako zote za nyuma, nikatafuta jinsi unavyoandika herufi zako, nikaandika kwenye kipande cha karatasi kwa mwandiko wako, "amekufa". Nikakilaza juu ya wino. Kikaenea. Hakikubana wala hakikupwaya.

Mwenzangu wa cherehani alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema kwa sauti ndogo, "Jaribu na lile jingine."

Nikaandika "anarudi". Nikakilaza. Nacho kikaenea.

Herufi saba na herufi saba. Maneno yote duniani, na haya mawili yakavaa nguo moja. Nilitaka kubaki hapo, mdogo wangu. Nakwambia kweli, nilitaka kukaa hapo mpaka nife, nina vipande viwili mkononi na vyote vimenienea. Ndipo mwenzangu, ambaye siku zote nimemwita mwehu wa kola, akanishika bega akasema, "Dada, koplo gani atamaliza wino wake kulifuta neno 'anarudi'?"

Kipande cha "anarudi" nimekitia motoni, kimeungua.

Sasa ninalo neno. Chumba nimempa mpwa wako, analala kwenye kitanda cha kaka yake, na lile shuka nimelichana vipande vya kufutia mashine, isipokuwa kimoja. Majirani wameanza kuja. Wanauliza alikuwa kombania gani, nawajibu ya Nne, na hakuna aliyeniambia haikuwepo. Wewe usije kwanza. Ukija na suruali ile nitaitambua kutoka mbali, na moyo utakimbia mbele kabla macho hayajaona nani yuko ndani yake.

Kitabu chenu sikihitaji. Lakini jana nilipokuwa nakunja barua yako niliitazama bahasha. Wino aliifungua, akasoma, akafuta, akaifunga tena, akagonga muhuri juu yake. Na pale juu ya bahasha, kwa herufi zako kubwa za mabango, jina langu liko vile vile, na mwanangu yumo ndani yake. Hapo Wino hakufuta kitu.

Ni mimi,
Mama Tiara